Upele Nilioungoja

Kama umeandikiwa kidonge kimoja kwa siku, ukaambiwa ukimeze tumbo likiwa tupu, na sasa kila asubuhi unajitazama kwenye kioo cha bafuni ukingoja pua yako iharibike, basi mimi na wewe tuna mengi ya kuzungumza. Madaktari wana vitabu vyao, nawaachia. Haya nayaandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye kiti kilichopakana na tangi la samaki, pale katika chumba cha kungojea daktari, umeshika koti lako mapajani kana kwamba utaitwa sasa hivi. Hutaitwa sasa hivi. Weka koti chini.

Naitwa Salimu. Nilizaliwa Pangani, na nimekaa Amherst, pembeni mwa Buffalo, tangu nilipokuja kusoma uhandisi nikasahau kurudi. Kazi yangu ni kuchora mabomba ya maji machafu ya miji midogo. Si kazi ya kujisifia harusini, lakini siku bomba likiziba kila mtu anakujua jina. Sijapata kuvuta sigara maishani. Kwa hiyo kikohozi kiliponianza, katika ile baridi ya kuingia mwaka 2015, nilikilaumu kipupwe cha Buffalo kama mtu mwingine yeyote. Huku hatuulizi kama theluji imeanguka au haijaanguka, tunauliza imefika kwenye kitasa cha mlango au bado.

Kikohozi kilikaa hadi kikawa mwana wa nyumba. Mwishowe nikashindwa kupanda ngazi za kwangu mwenyewe. Hospitali wakanitoa maji kifuani, ya rangi ya chai isiyo na maziwa, wakachukua kipande cha nyama kwa sindano, na baada ya kungoja kwingi tukaitwa kwenye chumba chenye sanduku la karatasi za kufutia machozi. Ukiona sanduku hilo liko karibu na kiti chako kuliko cha daktari, ujue habari ni yako. Ilikuwa saratani ya pafu, na ilikwisha kuvuka hadi kwenye utando wa kifua. Mke wangu, Mama Zuhura, alimwuliza daktari kwa adabu kabisa kama ana hakika hakuchanganya majalada. Mimi niliogopa. Nasema wazi, maana watu wengi waliniambia nilionekana jasiri, na ule haukuwa ujasiri, miguu ilikuwa imekataa kuondoka tu.

Mtoto wetu ni mmoja, Zuhura. Wakati huo alikuwa Columbus, Ohio, akisomea shahada ya pili, na kazi yake ilikuwa kukuza seli za saratani katika visahani vya maabara. Nilikuwa nimezoea kumtania kwamba nimemsomesha ili aende kulisha maadui. Msimu wa majani kupukutika, kabla sijaumwa, tulikuwa tumepokea posa yake kutoka kwa kijana anayeitwa Muhidini, Mbarawa, wa asili ya Barawa kwenye pwani ya Somalia, aliyelelewa Mombasa kabla wazazi wake hawajahamia Columbus. Harusi ilipangwa iwe Mfungo Mosi, baada ya Idi. Zuhura aliposikia habari yangu akataka kuiahirisha mpaka nipone. Nikakataa. Kwa akili yangu ya siku zile kuahirisha kulikuwa na maana moja tu, kwamba atakuja kuozwa na mtu mwingine. Nami nilitaka jambo moja katika dunia hii: nikae mbele ya mkwe wangu, nimshike mkono, nimwoze mwanangu kwa kinywa changu mwenyewe.

Basi tukangoja majibu ya jeni. Kungoja huko ndiko kulikuwa kubaya kuliko yote, maana hakuna cha kumeza wala cha kukatwa. Majibu yalipokuja, daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza, akasema nina bahati ndani ya bahati mbaya: aina yangu ina kidonge.

Zuhura alinieleza kwa simu, nami nakupa kama nilivyopewa. Kila seli ina vipokezi mlangoni. Mwili ukitaka ngozi ipone au utumbo ujirekebishe, hutuma kichocheo cha ukuaji, kichocheo kinakigusa kipokezi, na habari inaingia ndani mpaka zilipo jeni. Hapo jeni zilizokuwa kimya zinaanza kusomwa, na nyingine zilizokuwa zikisomwa zinanyamazishwa. Jeni hazibadiliki, kinachobadilika ni zipi zinafanya kazi. Kazi ikiisha kichocheo huondoka, seli inatulia. Katika saratani yangu kipokezi kimekwama. Kinaamrisha kukua hata pasipo aliyetuma.

"Yaani valvu haifungi," nikamwambia.

"Haifungi, baba. Kidonge kinakwenda kuiziba."

Nikamwuliza, mbona basi wanasema nitatoka upele? Akasema ngozi nayo hutumia vipokezi vya aina hiyo hiyo kujifanya upya kila siku. Kidonge hakibagui. Ngozi ikikosa amri yake hukasirika. Muuguzi wetu aliongeza kwamba mara nyingi upele ni dalili njema, kuwa dawa imefika inakotakiwa, ingawa si dhamana, na kwamba wako wasiotoka upele na wakapona vizuri. Hilo la mwisho tulilisikia kwa sikio moja. Kuanzia siku hiyo mimi na mke wangu tukawa watu wa kungoja upele. Kila asubuhi alinisimamisha dirishani, kwenye mwanga wa theluji, akanigeuza kidevu huku na huku kama watu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani. "Bado," alikuwa akisema, na sauti yake inashuka.

Asubuhi moja akapiga kigelegele. Vilikuwa vipele viwili tu, kando ya tundu la pua. Mbwa wa jirani akaanza kubweka. Tukakumbatiana jikoni, watu wazima tulioishi na kuzeeka pamoja, tukashangilia chunusi.

Furaha hiyo haikudumu, kwa kuwa upele wenyewe haukujua kukinai. Ulienea pua yote, ukahamia mashavuni, ukapanda kichwani, ukashuka kifuani. Tumbo nalo likaanza safari zake, nikavijua vyoo vyote vya njia ya Amherst hadi mjini, na kwa mara ya kwanza nikawa mteja mkubwa wa kazi yangu mwenyewe. Ngozi za ncha za vidole zikapasuka. Kingo za kucha zikavimba hata kufunga kifungo cha shati ikawa shughuli ya watu wawili. Wahenga wanasema Mungu humpa upele asiye na kucha. Mimi alikuwa amenipa vyote viwili, kisha akabadili mawazo kuhusu kucha. Kitu pekee kilichostawi ni kope, ambazo zilirefuka na kujikunja juu. Mama Zuhura alinitazama siku moja tunakunywa chai, akasema kope hizo yeye huzinunua dukani kwa ajili ya sherehe, na mimi nimepewa bure na sijui hata kuzitumia.

Tuligombana pia, usidhani tulicheka tu. Alichoka. Alikuwa akifanya kazi yake, akinipeleka hospitali, akinipikia vitu ambavyo tumbo langu lilivikataa kabla havijapoa. Siku moja nilimlaumu kwa ajili ya chumvi, akaweka mwiko chini, akaenda kukaa ndani ya gari lililozimwa. Nilimfuata, nikakaa kiti cha abiria. Baadaye akaniambia haogopi kunizika, anaogopa kurudi nyumbani baada ya kunizika. Nikamshika mkono kwa kiganja, kwa kuwa vidole vilikuwa vinauma, na tukarudi ndani kula ule mchuzi usio na chumvi.

Rehema nyingine niliipata palepale kwenye tangi la samaki. Alikaa mbele yangu mama mmoja wa Kikongo, mkazi wa mtaa wa Black Rock, Mama Nabintu, kilemba cha kitenge kichwani na upele ule ule usoni. Alikuwa amenitangulia kwenye kidonge. Alinitazama bila kificho, kisha akacheka.

"Bon, baba, usisikie haya," akaniambia. "Ile vipele njo inaonesha kama dawa iko natumika. Siye tuko famille moja sasa, tunafanana sura."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupaka mafuta ya mgando vidoleni na kulala na glavu za pamba, kuogopa jua kama mchawi, na kutopaka kitu chochote chenye manukato. Hilo la manukato alilirudia. Ningelishika vizuri zaidi ningejiokoa na mengi.

Theluji ikayeyuka, miti ikachanua, Ramadhani ikaingia katikati ya kiangazi na siku zake ndefu. Mimi sikufunga, daktari hakuniruhusu kwa ajili ya dawa. Kula mchana peke yangu mezani, mke wangu amefunga, kulinitia unyonge kuliko upele. Ila yeye alikuwa ananiwekea sahani akisema, "Kula, mgonjwa haulizwi uji," na anaondoka asiyaone macho yangu. Baada ya Idi nikaingizwa kwenye mashine ya picha. Daktari akatugeuzia skrini. Lile donge lililokuwa kubwa kama limau lilikuwa limesinyaa, hulioni mpaka uonyeshwe, na maji kifuani hayakuwepo. Mama Zuhura aliomba aonyeshwe tena, akaonyeshwa tena.

Sasa ndipo dada yangu anapoingia. Dada Mwanahawa anakaa Louisville, Kentucky. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na mpaka leo huongea nami kana kwamba nimeshika shati lake naomba kashata. Aliposikia habari njema alimshukuru Mungu, kisha papo hapo akaleta hoja yake. Kwa kuwa donge limesinyaa, vidonge viwekwe kando mpaka harusi ipite. Uso utulie, vidole vipone, niwe kama baba wa bibi harusi. Wabarawa ni watu wa kujipamba, watakuja na makanzu ya kung'aa, na sisi watu wa Pangani tutamtoa nani? Mtu mwenye uso wa papai lililochomwa jua?

Nitakwambia ukweli, hoja hiyo ilinikaa moyoni. Wako wagonjwa ambao daktari huwasimamishia dawa kidogo upele ukizidi, nilikuwa nimelisikia hilo. Nami ni mtu wa kupenda kunyoa vizuri na kupiga picha. Na kulikuwa na jambo la mkono. Kwenye ndoa walii wa bibi harusi, yaani baba yake, na bwana harusi hushikana mikono ya kulia wakati wa kuoza, na mkono wangu wa kulia haukuweza kushika hata kijiko cha sukari. Nilimwuliza daktari. Akasema upele wangu haujafikia kiasi cha kusimamisha, kwamba angependelea niendelee, na kwamba uamuzi tuuzungumze. Mama Zuhura yeye hakuzungumza sana. Alisema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, akaendelea kukunja nguo.

Nikampigia Zuhura. Nilidhani atanihurumia. Badala yake akaniambia kitu ambacho nakiona ndicho kilichoniokoa. Alisema huko maabara amezifanyia seli hivyo hivyo. Anaziwekea dawa, zile jeni za kukua zinanyamaza. Anaziosha dawa itoke, na kabla hajamaliza chakula chake cha mchana zinasomwa tena, nyingine kwa kasi kuliko mwanzo.

"Nimeona kwa macho yangu, baba. Hazisubiri harusi iishe. Please, usiache. Mimi sitaki picha nzuri, nakutaka wewe."

Alikuwa analia. Nikamwambia sitaacha, na sikuacha.

Dada akakubali kwa shingo upande. Lakini dada yangu akifungiwa mlango huzunguka dirishani. Tulipofika Columbus siku moja kabla ya ndoa, mimi na mke wangu kutoka Buffalo, yeye kutoka Louisville, alishuka garini na bakuli lililofunikwa kanga. Ndani mlikuwa na singo. Kwa asiyeijua, singo ni yale manukato ya pwani ya kumsugulia bibi harusi: liwa, mawaridi makavu, karafuu na mengine ambayo kila familia inayaficha, yakasagwa yakachanganywa. Kwetu hata bwana harusi husingwa. Dada akatoa hukumu kwamba kama vidonge haviachwi, basi uso utasingwa, maana hakuna ngozi iliyoishinda singo ya mama yetu. Mama Zuhura alikuwa sokoni. Nilikumbuka maneno ya Mama Nabintu, ila niambie wewe, nani anabishana na dada aliyemlea, naye amekwisha mfunga taulo shingoni? Isitoshe ilinukia nyumbani. Nilifumba macho nikawa mtoto.

Mwanzo ilipoa. Halafu ikawaka. Nilinyanyuka nikakimbilia bomba, na nilipojitazama kioo macho yalikuwa yameanza kujifunga, mashavu yamevimba, mekundu. Kope zangu nzuri tu ndizo zilizobaki kuonekana. Mama Zuhura alirudi na mifuko, akatutazama, akauliza nani amefanya nini. Dada akaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea, mikono imejaa singo, akalia kama hajapata kulia tangu msiba wa mama. Alisema alitaka kunipamba tu. Nikamwonea huruma, nikaanza kucheka, na kucheka kukaniuma, nikazidi kucheka. Tulimpigia muuguzi wa Buffalo. Aliuliza kama napumua vizuri, akaniagiza maji baridi, ile krimu niliyopewa kwa ajili ya upele, na kidonge cha mzio, kisha akaomba radhi kwa kuwa naye alikuwa anacheka.

Kabla sijamaliza habari ya harusi, nikuambie niliko leo. Ni majira ya kuchipua ya pili tangu siku hizo. Bado nameza kidonge. Daktari hasemi nimepona, anasema imenyamaza, na ananiambia wazi kwamba siku moja valvu inaweza kutafuta njia nyingine ya kukwama, na hapo tutatafuta dawa nyingine. Upele umepungua ukali, huja na kuondoka. Nimerudi kazini. Mama Nabintu naye yupo, tunakutana kwenye samaki, tunakaguana sura. Ukinikuta hapo nisalimie, utanitambua kwa kope.

Basi, kesho yake baada ya ile singo ilikuwa ndoa. Uvimbe ulikuwa umeshuka, lakini wekundu ulibaki pale pale. Vidole vya mkono wa kulia Mama Zuhura alivifunga plasta kimoja kimoja. Asubuhi dada alikuja taratibu, hakukaa, akaniambia jambo ambalo ni halali na watu wengi hulifanya: nimpe sheikh uwakala, aoze kwa niaba yangu, mimi nikae pembeni nipumzike. Hakuna atakayenilaumu. Nilimwangalia dada yangu, nikajua ananipa mlango wa kutokea kwa upendo. Nikamwambia, dada, kumwoza kwa kinywa changu ndiko nilikokuwa nakimezea kidonge.

Msikiti ulikuwa umejaa Wabarawa waliopendeza kweli, dada hakusema uongo. Nilipoingia minong'ono ilipita kwenye safu. Zuhura alikuwa amewaeleza, lakini kuelezwa na kuona ni mambo mawili. Mzee Abukari, baba yake Muhidini, aliinuka mbele ya watu wake wote, akaja akanikumbatia, akaweka shavu lake kwenye shavu langu, upande huu na upande huu. Alinukia udi. "Ndugu yangu, karibu," akasema, akanikalisha kwenye zulia mbele ya kijana wake.

Sheikh akatuambia tushikane mikono. Kijana akautazama mkono wangu na plasta zake, akautandaza wake chini ya wangu, wazi, akanishika kwa ncha za vidole kana kwamba nitavunjika. Sheikh akanipa ishara nianze.

Sikuanza.

"Kaza, mwanangu," nikamwambia. "Nakupa binti, sikupi kikombe cha chai."

Watu wa mbele wakacheka. Muhidini akanitazama usoni, uso huo huo uliokuwa unawatisha watu, na akakaza. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikalitaja jina la binti yangu, nikalitaja langu kuwa ndiye baba yake, nikasema nimekuoza, na sikuuachia mkono wake mpaka aliposema amekubali.